Dua ya Mama wa Kwenye Chupa

Watu wa Kisauni wakiniuliza mjukuu wangu afanya kazi gani huko Nairobi, huwajibu: kazi yake ni kuua. Nawaacha kwanza washtuke na kushika vifua, halafu ndio nawaambia kwamba anaua saratani. Hapo husema mashallah, nami naendelea kumwaga unga wangu kwenye chuma cha kupikia kama kwamba sikusema kitu kikubwa.

Mimi ni mpika vibibi. Kila asubuhi naketi nje ya nyumba yetu, kwenye njia ya kuteremkia Frere Town, nikiwapikia wanaokwenda kazini vibibi vya mchele na tui. Skuli niliishia darasa la tatu, nikatolewa nilee wadogo zangu. Kuandika naandika, na kusoma nasoma polepole, kwa kidole. Kwa hivyo mtu asitarajie nimweleze sayansi sawasawa. Nitaeleza nilivyoelewa mimi, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa. Mjukuu wangu mwenyewe husema hivyo kila siku, na ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Mtoto huyu nimemlea mimi. Alikuwa nikimpa samaki anipalie magamba, nakuta amepasua jicho atazame kilichomo. Nilimpiga, halafu nikaketi naye nikatazama. Mna kijiwe cheupe kama lulu. Tangu siku hiyo nikajua tumefanana.

Basi Idi moja alikuja nyumbani. Tukaketi watatu kwenye sinia la pilau: mimi, yeye, na mdogo wangu. Huyu mdogo wangu ni mjane, anakaa chumba cha uani, na ni lazima nimweleze ndipo yaliyofuata yaeleweke. Ni mtu wa kufukia. Kwetu kitu cha mwili hakitupwi ovyo. Ukichana nywele, zile zilizobaki kwenye kichana wazifukia. Ukikata kucha, wazifukia. Kitovu cha mtoto kikikauka na kukatika, chafukiwa uani, na mahali pake pajulikane. Wengine siku hizi wamelegea, wafagia tu. Yeye hapana. Vitovu vya ukoo wetu wote vimepita mikononi mwake, na ukimuuliza cha fulani kiko wapi, atakuonyesha kwa kidole cha mguu: hapa, chini ya mlimau, pale, kando ya tangi.

Tukala. Mimi nikaona leo nimpate mjukuu wangu akiwa ameshiba.

"Hebu nieleze," nikamwambia, "na usinipe maneno ya redio. Saratani ni mdudu?"

"Si mdudu, bibi. Ni wewe mwenyewe."

"Mimi tena! Nimefanya nini?"

Akacheka. Akaniambia mwili wote umejengwa kwa chembe ndogo ndogo, na kila chembe inajua kufa. Ikizeeka au ikiharibika, inajimaliza yenyewe kimya kimya, mpya ikashika nafasi yake. Saratani ni chembe iliyoharibika nayo haifi.

"Imesahau kufa au imekataa?"

Akalirudisha tonge lake kwenye sinia. "Nyengine zimesahau, bibi, nyengine zimekataa. Hilo ndilo ninalolitafuta mimi."

Wallahi nilifurahi kama mtoto aliyejibu sawa mbele ya mwalimu. Nikamwambia endelea. Akaniambia tazama mkono wako. Nikautazama, umejaa mafuta ya pilau. Akasema mtoto tumboni huanza na kiganja kizima kama kafi la mtumbwi, hana vidole. Halafu zile chembe za katikati zinakufa, moja moja, mpaka vidole vinaachana. Kwa hivyo mkono huu ninaoandikia umechongwa na kifo kabla sijazaliwa. Nilivipanua vidole, nikavifunga, nikavipanua tena. Umri wote huu nimevitumia na sikupata kujua habari hiyo.

Akaniambia pia kwamba vifo vya chembe viko vya namna nyingi, lakini nishike viwili. Kimoja ni cha fujo: chembe inavimba, inapasuka, inamwaga uchafu wake kwa majirani, nao wanawaka moto kama jipu. Kingine ni cha adabu: chembe inasinyaa, inatoka mapovu, inajigawa vifurushi vidogo, na majirani wanakuja kuvila mpaka hapabaki kitu.

"Kama matangani," nikasema. "Mtu akifa, majirani waja kula."

"Nitaandika hivyo kwenye kazi yangu, bibi."

"Andika. Na useme nani amekwambia."

Hapo ndipo nikauliza swali lililoleta mambo. Nikamuuliza, hizo chembe za kuua wazipata wapi?

"Twazifuga."

"Kama kuku?"

"Kwenye vichupa. Zina maji yao yenye chakula, na kabati lenye joto kama la mwili. Nyengine ni za mama mmoja wa ng'ambo. Mwenyewe alikufa zamani sana kwa saratani, lakini chembe zake hazijafa mpaka leo. Zaendelea kuzaana tu."

Mdogo wangu alikuwa hajasema neno tangu tuanze kula. Akautoa mkono siniani.

"Alioshwa?"

"Nani, bibi mdogo?"

"Huyo mama. Alioshwa akazikwa?"

"Alizikwa."

"Nusu," mdogo wangu akasema. "Na hizo chembe, aliombwa akatoa?"

Mjukuu wangu akainamisha macho. "Hapana. Siku hizo hawakuwa wakiuliza."

"Yaani waliingia bila hodi."

Akanawa, akajifunika kanga yake, akaenda chumbani kwake. Nikadhani ni kisirani cha joto. Mjukuu wangu alirudi Nairobi, nami nikabaki na mambo ya vidole na matanga ya chembe. Kila mteja aliyesimama kununua kibibi nilimtazama vidole kwanza.

Sasa sikiza. Wiki ile ile nilikwenda Kongowea sokoni kununua nazi. Narudi mchana, nakuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni kwetu. Ndani majamvi yametandikwa, udi wafuka, mabuibui yamejaa mpaka uani, na birika la kahawa liko motoni. Kwetu hakuna harusi ya saa hizo. Ukiona hivyo, ni moja tu: mtu amekufa.

Jirani yangu wa ng'ambo ya njia, yule ambaye habari humfikia kabla haijatokea, akanikumbatia na mzigo wangu wa nazi.

"Pole dada yangu, jikaze. Mtoto mdogo vile, na masomo yote yale!"

"Mtoto gani?"

"Ya rabbi, hujaambiwa! Mjukuu wako."

Nilikaa juu ya nazi zangu pale pale mlangoni. Wanawake wakaanza kulia upya kwa sababu mwenyewe nimefika. Nikatoa simu, nikampigia. Ikalia, ikalia, mpaka nikasikia sauti yake.

"Abee, bibi."

"Upo?"

"Nipo. Kwani kuna nini?"

"Umekufa huku Kisauni!"

Akaangua kicheko. "Mimi nife na hizi chembe zangu zibaki hai? Haki hakuna."

Jirani yangu hakuniamini. Aliichukua simu akamuuliza mjukuu wangu jina la baba yake ahakikishe ni yeye. Kisha akatangaza kwa sauti: "Yu hai! Yuwacheka!" Waliokuwa wakilia wakaanza kucheka na machozi yao mashavuni, na mmoja aliyeleta furushi la sukari akalitazama, akasema haya, basi na iliwe kwa furaha.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wangu alikuwa amewaita watu kwenye dua. Wakamuuliza, dua ya nani? Akasema ya mama mmoja msiyemjua, amekufa mbali. Jina? Simjui jina. Watu wakaona huyu anatuficha, uchungu umemzidi. Na kwa kuwa hakuwapa maiti, wakajitafutia wenyewe. Mtu wetu wa mbali ni mmoja tu.

Mdogo wangu wakati huo wote alikuwa amekaa katikati ya jamvi, macho chini, anaomba. Alipomaliza alipangusa uso, akasema amina, akawaambia watu karibuni kahawa.

Walipoondoka nilimfuata chumbani.

"Umeniulia mjukuu kwa mama usiyemjua dini wala kabila! Wazimu umekuingia?"

"Dua haiulizi kabila."

"Amekufa zamani! Wewe yakuhusu nini?"

Alinishika mkono, huu huu wa kuchongwa, akauingiza chini ya kanga, akaukandamiza kwenye titi lake la kushoto. Nikakuta kitu kigumu kama kungumanga. Nikakisukuma. Hakikusogea.

"Tangu lini?" nikauliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwengine.

"Kabla ya Ramadhani. Hospitali nimekwenda peke yangu, wakanichoma sindano wakatoa nyama, wakapima. Wasema ndiyo yenyewe. Wasema haijaenda mbali, lakini titi lote likatwe, na nisichelewe."

"Basi wangoja nini?"

"Nilikuwa nimekubali. Nilisema Idi ipite. Sasa siendi."

"Huendi!"

"Hukumsikia mjukuu wako? Wakate, wanitie kwenye chupa. Mimi nife, munioshe, munizike, na huku titi langu liko kabatini Nairobi lanywa maji matamu. Siku ya kufufuliwa nitajikusanya vipi? Mimi niliyefukia kucha za watu wote humu ndani, mwenyewe nizikwe nusu?"

"Watu wameliwa na papa, nao watajikusanya."

"Papa hamtii mtu kabatini."

Nilibishana naye mpaka koo likakauka. Nililia. Nilimtukana, kisha nikamwomba msamaha, kisha nikamtukana tena. Yeye alikuwa anakunja yale majamvi. Nilipotoka nilijua jambo moja tu: mdogo wangu atakufa kwa kuogopa kutokufa, na maneno yaliyomwogopesha yametoka kwenye mdomo ninaojivunia kuliko yote duniani.

Nikampigia simu tena mjukuu wangu. Safari hii hakucheka. Akaniuliza maneno ya bibi mdogo, neno kwa neno, nikamwambia. Lile la hodi, la siku ya Idi, akaniomba nilirudie.

Alifika siku ya pili kwa treni. Nilidhani ataingia moja kwa moja uani na vitabu vyake amsomeshe. Chumba kile amekulia humo, alikuwa akiingia kama paka, hata pazia haliondoi, analipita na kichwa. Lakini siku hiyo alivua viatu, akasimama nje ya pazia, juani, mikono ameishika mbele.

"Hodi."

Kimya. Twasikia kitanda kikilia, kwa hivyo yumo na yu macho.

"Hodi hapa."

Kimya. Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa wageuka uende zako, hata uwe umetoka Maka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sahani ya vibibi, na nikaona anavyomeza mate. Nilitaka kupiga kelele nimwambie mdogo wangu asifanye ujinga, lakini hodi haikuwa yangu.

"Hodi, bibi mdogo."

Sauti ikatoka, ya kununa. "Nani?"

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Nataka kuingia, ukiniruhusu."

Kitanda kikalia tena. "Karibu. Na huyo anayepumua hapo nyuma kama ng'ombe aingie pia."

Tukaingia. Mjukuu wangu akaketi chini kwenye mkeka, si kitandani. Mdogo wangu akaanza kumuuliza, na lazima niseme, aliuliza vizuri kuliko mimi.

"Zile zilizoko kwenye chupa, zaumwa?"

"Haziumwi. Kuumwa kwataka mishipa na kichwa, nazo hazina."

"Zamjua mwenyewe?"

"Hapana."

"Una hakika?"

Mjukuu wangu akafikiri. "Sina njia ya kuziuliza. Lakini sijaona dalili."

Jibu hilo lilimpendeza mdogo wangu, nilimwona. Angesema ana hakika, angefukuzwa.

"Na mimi, wakinikata, wachukua bila kuniambia?"

"Siku hizi hawawezi. Wakiomba, wewe wakubali au wakataa. Lakini sikiliza, bibi mdogo. Kukatwa ni jambo moja, chupa ni jambo jengine. Ninyime chupa. Ninyime kila kitu, lakini ukatwe. Mimi nimesoma miaka yote hii kitu kimoja, na kitu chenyewe kimeingia chumba nilichokulia. Nataka uishi."

Hapo sauti yake ikakatika. Mdogo wangu akamsukuma bega.

"Sikukwambia ulie. Nataka kujua: na wewe, waniomba?"

"Nikuombe chembe?"

"Ndiyo nakuuliza. Waniomba au huniombi?"

Mjukuu wangu akapangusa macho kwa kiganja. "Nakuomba. Tuna chembe za wanawake wa ng'ambo, za wanawake wa pwani hatuna za kutosha. Nataka kijipande kama ukucha. Na siku utakayosema basi, naziua zote kwa dawa nikuletee kilichobaki."

"Na titi lenyewe?"

"Nitamuuliza daktari."

Aliuliza siku hiyo hiyo, kwa simu, tukiwa tumemzunguka. Daktari hakushangaa hata kidogo. Akasema si wa kwanza kuomba, Waislamu wengi huomba, na mguu uliokatwa huchukuliwa ukazikwe. Lazima kwanza kilichokatwa kipimwe, kisha mtu wa familia aje akichukue.

Mdogo wangu akasema, "Kumbe! Mbona hawakunambia?"

"Hukuuliza," nikamwambia.

"Na wewe kula vibibi vyako unyamaze."

Akakatwa. Siku hiyo nilikaa kwenye benchi la hospitali nikahesabu tasbihi mpaka uzi ukalegea. Akatoka amefungwa kifua kizima, midomo imekauka, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Wamelitia wapi?"

Lilipokwisha kupimwa nikaenda kulichukua mwenyewe. Wamelifunga vizuri ndani ya kisanduku. Nilikipakata njia nzima kutoka hospitali, na sikumwambia mtu aliyekaa kando yangu nimebeba nini, ingawa aliniuliza kama ni keki. Nyumbani nikaliviringisha kwa kitambaa cheupe, nikachimba chini ya mlimau, mdogo wangu ameketi kwenye kiti anaamrisha: chimba zaidi, paka watafukua, si hapo, hapo kuna kitovu cha mjukuu wako, sogea. Nilimwambia nikifa kwa kuchimba atanifukia wapi, akasema nafasi iko kando ya tangi.

Tulipomaliza alikanyagakanyaga udongo kwa mguu wake, taratibu. Akasema, "Basi. Limetangulia."

Dawa alitiwa, nywele zikatoka. Zilipotoka alizikusanya, na mnajua alizipeleka wapi. Sasa zimeota tena, fupi, na amekuwa mkali zaidi.

Kile kijipande kama ukucha alikubali kukitoa, kikaenda Nairobi. Mjukuu wangu alipiga simu baadaye akasema chembe nyingi za bibi mdogo zimekufa ndani ya chupa. Ni kawaida, alisema, nyingi hazikubali kuishi nje ya mwili.

"Yaani kwangu zilikataa kufa," mdogo wangu akasema, "na kwenu zakataa kuishi? Zina inda hizi!"

Lakini chache zilikubali. Na juzi, asubuhi, nikiwa kwenye chuma changu, ikaingia video kwenye simu. Nikamwita mdogo wangu. Tukaiegemeza simu kwenye kopo la unga, tukainama. Mjukuu wangu alikuwa ameeleza kwa sauti: hizi ni zako, bibi mdogo, tumezitilia dawa, tazameni.

Mwanzo hatukuona kitu, vidoa tu vya kijivu. Halafu kimoja kikasinyaa. Kikaanza kutoka mapovu kandokando, mapovu yakipanda na kushuka, vile vile kibibi kinavyofanya tui linapochemka ndani yake. Nilitazama simu, nikatazama chuma changu. Nikatazama simu tena. Kikakatika vipande vipande. Cha pili kikaanza.

"Kufa, mwanaharamu," mdogo wangu akakiambia. "Kufa wewe! Na wewe hapo pembeni, wangoja kubembelezwa?"

Wateja wakasogea. Kila mmoja akawa anachagua chake na kukipigia kelele kama mpira wa miguu. Zikafa moja moja, kwa adabu. Lakini kimoja, pale juu mkono wa kulia, kilikaa tu. Wenzake wameisha, chenyewe kimenona, kimetulia. Video ikaisha kikiwa vile vile.

Mdogo wangu aliupeleka mkono kifuani, upande ambao sasa hauna kitu, akaushikilia hapo.

"Huyu mbona hafi?"

Nikambonyezea mjukuu wangu simu, nikamuuliza kwa maneno hayo hayo.

"Sijui, bibi," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya siku ya jicho la samaki. "Ndio namtazama sasa hivi."

"Basi mwambie asimwache," mdogo wangu akasema juu ya bega langu. "Ruhusa anayo."

Kibibi kikaungua. Nilikitoa, nikamwaga unga mwengine, nikamwambia mteja angoje.